Kipimo cha Eko: Mwongozo Kamili wa Kuuchunguza Moyo kwa Mawimbi ya Sauti

Fomu nyingi za kuombea kipimo cha eko hufika katika chumba cha uchunguzi zikiwa na jina la mgonjwa, umri wake, na neno moja tu: eko. Aliyeziandika hakukusudia ubaya. Pengine alikuwa na foleni ndefu mlangoni, akadhani kwamba mashine ikishawashwa itajieleza yenyewe. Haijielezi. Eksirei ya kifua hupigwa kwa namna ileile kwa kila mtu, na anayeisoma kesho yake katika mji mwingine huiona nzima, lakini eko ni uchunguzi unaofanywa na mkono wa mtu anayetafuta jambo fulani, naye asiyeambiwa anatafuta nini anaweza kupita kando ya jambo hilo bila kuliona.

Mwongozo huu unafuata njia ya kipimo chenyewe, tangu fomu inapojazwa hadi cheti cha majibu kinaposomwa. Umekusudiwa mhudumu anayeandika fomu, mwanafunzi anayeanza kushika probu, yaani kile kifaa cha mkononi kinachowekwa juu ya kifua, na mgonjwa au ndugu yake anayetaka kuielewa karatasi aliyokabidhiwa. Mfano utakaotuongoza ni wa kubuni, ingawa kila kliniki ya moyo ya Afrika Mashariki itautambua: msichana wa miaka 19 anayehema akipanda ngazi, ambaye kwa wiki mbili sasa hawezi kulala bila mito mitatu, na ambaye mama yake anakumbuka kwamba utotoni aliugua mafindofindo mara kwa mara na kuna mwaka magoti yake yalivimba kwa zamu.

Kipimo hiki kilizaliwa kwa ajili ya mgonjwa kama huyo. Mjini Lund, Uswidi, daktari Inge Edler alikuwa na kazi ya kuwachagua wagonjwa wa kufanyiwa upasuaji wa vali ya mitrali, yaani vali iliyo kati ya chumba cha juu na chumba cha chini upande wa kushoto wa moyo. Upasuaji huo ulimfaa mgonjwa ambaye vali yake imebana, lakini ungemdhuru yule ambaye vali yake inavuja, na njia za wakati ule hazikuweza kuwatofautisha vizuri. Mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz alifahamu kwamba katika kiwanda cha kuunda meli huko Malmö kulikuwa na chombo cha kutafuta nyufa ndani ya chuma kwa kutumia sauti. Akakiazima, akajaribu kukielekeza kwenye kifua chake mwenyewe, na mwezi Oktoba 1953 yeye na Edler wakarekodi mwangwi wa moyo unaopiga. Haikuwa picha, ilikuwa mistari inayopanda na kushuka tu, lakini tayari kulikuwa na swali linalotafutiwa jibu.

Jinsi sauti inavyogeuka kuwa picha

Ndani ya probu mna vipande vya madini maalumu ambavyo hutetemeka vikipitishiwa umeme, na hutoa umeme vikitetemeshwa. Kwa hiyo chombo kilekile hutuma sauti na kusikiliza mwangwi wake. Sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, ilhali probu ya moyo wa mtu mzima hutumia takribani milioni 2 hadi 4. Ya mtoto mchanga hufika milioni 8 au zaidi, kwa sababu mitetemo mingi hutoa picha kali zaidi lakini haifiki mbali, na kifua cha mtoto mchanga hakihitaji ifike mbali. Katika nyama laini za mwili sauti husafiri mita 1,540 kwa sekunde, hivyo mwangwi kutoka kina cha sentimita 15 hurejea baada ya sehemu moja ya elfu tano ya sekunde. Mashine hupima muda huo, hukokotoa umbali, na kuweka nukta kwenye kioo, ikirudia kazi hiyo kwa wingi na kasi kiasi kwamba jicho huona moyo ukicheza.

Mfupa humeza sauti hiyo na hewa huirudisha yote. Taratibu nyingi za kipimo zinatokana na sababu hizo mbili: jeli hupakwa ili kuondoa hewa kati ya probu na ngozi, probu huwekwa katikati ya mbavu na si juu yake, na mgonjwa hugeuzwa ubavu ili pafu lisogee pembeni.

Hatua ya kwanza: andika swali

Kwa msichana wetu, fomu inayofaa ingesomeka hivi: miaka 19, anahema kwa miezi 4, hawezi kulala chali, historia ya kuvimba magoti utotoni, presha 100 kwa 65, mapigo 96 kwa dakika, kuna muungurumo wa chini kwenye ncha ya moyo, je, vali ya mitrali imebana, na kama imebana, ni kwa kiasi gani? Mistari hiyo mitatu inamwambia mpimaji atumie dakika zake wapi. Uzito na urefu viandikwe pia, kwa kuwa ukubwa wa vyumba vya moyo hulinganishwa na ukubwa wa mwili, na chumba kinachomtosha mwanamume mrefu ni kikubwa mno kwa binti wa kilo 45.

Swali hubadilika kulingana na mgonjwa. Mwenye kifua kikuu ambaye miguu imevimba na mishipa ya shingo imejaa huulizwa kama kuna maji kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Mama aliyejifungua mwezi uliopita na sasa hawezi kutembea hadi chooni bila kupumzika huulizwa kama misuli ya moyo imelegea. Mwenye presha ya muda mrefu huulizwa unene wa kuta. Katika ukanda wetu lipo pia swali ambalo vitabu vya Ulaya huligusia tu: kovu linalokua ndani ya vyumba vya chini vya moyo na kuviziba polepole, ugonjwa ulioelezwa na J. N. P. Davies mjini Kampala mwaka 1948. Mpimaji asiyeukumbuka ugonjwa huo anaweza kuliona kovu hilo na kuandika kwamba ni bonge la damu.

Hatua ya pili: kumwandaa mgonjwa

Eko ya kawaida haihitaji mtu kufunga kula, na dawa za presha au za moyo zinaendelea kama kawaida. Hakuna mionzi, ndiyo maana mjamzito hupimwa bila wasiwasi, na kwa msichana mwenye vali iliyobana ujauzito ndio mara nyingi unaoufichua ugonjwa, kwa kuwa wingi wa damu mwilini huongezeka karibu kwa nusu na mapigo huenda mbio. Kipimo kamili huchukua dakika 30 hadi 45. Mgonjwa avae nguo ya juu inayovuliwa kwa urahisi na aje na khanga ya kujifunika, na kama ni mwanamke, ana haki ya kuomba awepo mhudumu wa kike au ndugu yake. Mpimaji naye aeleze mapema kwamba jeli ni ya baridi, kwamba probu itagandamiza kidogo chini ya titi la kushoto, na kwamba ukimya wake akiwa anatazama kioo haumaanishi kuna habari mbaya. Jambo hili la mwisho husahaulika mno, na wagonjwa wengi huondoka wakiwa wamekwisha kujihukumu kwa kuutazama uso wa mpimaji tu.

Mtoto mdogo anyonyeshwe kwanza, apimwe akiwa amesinzia au akiwa mapajani mwa mzazi. Kumshika kwa nguvu mtoto anayelia huharibu picha na pia huongeza mapigo, hivyo hata tarakimu zitakazopatikana hazitakuwa za kuaminika.

Hatua ya tatu: kulala na kushika probu

Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto ukiwa chini ya kichwa. Mkao huo hupanua nafasi za mbavu, huusogeza moyo karibu na ukuta wa kifua, na huliondoa pafu mbele yake. Nyaya tatu za umeme wa moyo hubandikwa ili kila picha ijulikane imechukuliwa moyo ukiwa umejaa au umekamuka. Msichana wetu hawezi kulala bapa; basi kichwa cha kitanda kiinuliwe, apimwe akiwa ameegemea, na mpimaji avumilie picha zisizo kamili kuliko kumlazimisha mkao utakaomkata pumzi.

Probu ina alama upande mmoja, na alama hiyo ndiyo dira ya kazi yote. Ishikwe kama kalamu, kidole kidogo au kiganja kikiegemea kifua ili mkono usitetereke. Anayeanza hupenda kuisogeza huku na huko kwa haraka. Afadhali ajifunze miondoko minne na kuifanya mmoja mmoja: kutelezesha juu ya ngozi, kuzungusha mahali palepale, kuinamisha upande wa ubapa, na kuyumbisha kuelekea kwenye alama au kinyume chake. Ukifanya miwili kwa pamoja na picha ikapotea, hutajua ni upi ulioipoteza.

Hatua ya nne: kuupitia moyo dirisha kwa dirisha

Dirisha ni mahali ambapo sauti huufikia moyo bila kuzuiwa na mfupa wala hewa. La kwanza liko kushoto mwa mfupa wa kidari, katika nafasi ya tatu au ya nne ya mbavu, alama ikielekea bega la kulia la mgonjwa. Hapa moyo huonekana umekatwa kwa urefu: chumba cha chini kushoto, vali ya mitrali, chumba cha juu kushoto nyuma yake, vali ya aota na mwanzo wa mshipa mkuu wenyewe. Tumia muda mrefu hapa. Kwa msichana wetu, jani la mbele la vali ya mitrali, ambalo kwa kawaida hufunguka kama mlango uliotiwa mafuta, litajikunja kama kiwiko, kwa sababu ncha zake zimegandana ilhali kiwiliwili chake bado ni laini. Chumba cha juu kushoto nacho kitakuwa kimetanuka kwa kubeba damu isiyopata njia. Kabla hujasogea, ongeza kina cha picha kidogo uangalie nyuma ya moyo, kwani maji yaliyo ndani ya mfuko wa moyo hupita mbele ya mshipa mkuu unaoshuka, na yale ya pafu hukaa nyuma yake. Ukiyachanganya, mgonjwa atachomwa sindano pasipostahili.

Bila kuiondoa probu, izungushe nyuzi 90 kwa mwelekeo wa saa hadi alama ielekee bega la kushoto. Sasa moyo umekatwa kwa upana, kama muhogo unavyokatwa vipande. Ukiinamisha juu utaiona vali ya aota na majani yake matatu. Ukishuka kidogo utaiona vali ya mitrali kutoka mbele, nayo iliyobana huwa na umbo la mdomo wa samaki, na hapo mdomo huo huzungushiwa mstari ili eneo lake lipimwe moja kwa moja. Kipimo hicho ni kizuri lakini kina mtego: ukikata juu ya ncha za majani utapata tundu kubwa kuliko lilivyo, kama anayepima faneli karibu na mdomo wake mpana. Shuka polepole hadi upate tundu dogo kabisa, kisha ndipo usimamishe picha. Ukishuka zaidi utaiona misuli ya chumba cha chini kushoto ikijikaza pande zote, na ukuta mmoja ukizembea wakati wenzake wanafanya kazi, fikiria mshipa wa damu unaoulisha ukuta huo umeziba.

Dirisha la pili ni la ncha ya moyo, mahali ambapo kidole husikia pigo, alama ikielekea kushoto kwa mgonjwa. Vyumba vyote vinne huonekana kwa pamoja, vya chini vikiwa juu kwenye kioo kwa kuwa ndivyo vilivyo karibu na probu. Mwanafunzi huhitaji siku kadhaa kuzoea kinyume hicho. Ukiinamisha kidogo, njia ya aota hujitokeza. Ukizungusha, hupata vyumba viwili vya kushoto peke yake. Dirisha hili ndilo linalofaa kuliko yote kwa kupima kasi ya damu, kwa sababu damu hupita ikielekea kwenye probu au ikiikimbia. Mwambie mgonjwa atoe pumzi na asubiri kidogo, lakini usisahau kumruhusu avute tena.

Kisha mgonjwa alale chali akikunja magoti, na probu iwekwe kwenye chembe cha moyo. Hapa, tofauti na kwingine, pumzi ya kuvuta ndani ndiyo inayosaidia, kwani huushusha moyo kuielekea probu. Dirisha hili humfaa mgonjwa mwenye mapafu yaliyojaa hewa, mtoto, na yule aliye mahututi asiyeweza kugeuzwa. Ukielekeza alama kichwani utauona mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka chini ya mwili: mtu anaponusa kwa nguvu, mshipa usiozidi milimita 21 unaosinyaa zaidi ya nusu huashiria shinikizo la takribani milimita 3 za zebaki katika chumba cha juu kulia, mpana usiosinyaa hivyo huhesabiwa 15, na wa kati na kati 8.

Dirisha la mwisho, kwenye kishimo cha shingo, huonyesha upinde wa aota, na kwa watoto lisirukwe.

Hatua ya tano: rangi na kasi

Mwaka 1842 Christian Doppler alieleza kwamba mawimbi hubadilika kulingana na mwendo wa kitu kinachoyatoa, na chembe za damu zinazorudisha mwangwi hufuata kanuni hiyohiyo. Mashine huupaka rangi mwendo huo: nyekundu kwa damu inayoijia probu, buluu kwa inayoikimbia. Wagonjwa wengi wakiona rangi hizo huamini kwamba nyekundu ni damu safi na buluu ni chafu, na kuna wanafunzi pia walioamini hivyo kwa mwezi mzima. Hazina uhusiano wowote na usafi. Pale damu inapokwenda kasi kuliko mashine inavyoweza kufuatilia, rangi huchanganyika kama kitenge, na mchanganyiko huo ukionekana palipo na vali, simama hapo upime.

Kasi hupimwa kwa mstari mmoja unaopitishwa katikati ya mkondo, na kutoka kwenye kasi hupatikana tofauti ya shinikizo kwa hesabu nyepesi: kasi kwa mita kwa sekunde, izidishwe kwa yenyewe, kisha izidishwe kwa 4. Damu inayopita vali ya aota kwa mita 4 kwa sekunde ina tofauti ya milimita 64 za zebaki, na hiyo ni vali iliyobana vibaya. Lakini mstari wa sauti ukipishana na mkondo kwa nyuzi 60, mashine itasoma nusu ya kasi, yaani mita 2, na hesabu itatoa 16. Kutoka 64 hadi 16: mgonjwa wa kufanyiwa upasuaji amegeuka kuwa mtu wa kuambiwa arudi baada ya miaka mitatu, na mashine haikukosea chochote. Ndiyo sababu mpimaji mzuri huitafuta kasi ya vali ya aota katika madirisha kadhaa, hata upande wa kulia wa kifua, na kuandika kubwa kuliko zote.

Kwa vali ya mitrali, mashine hupima jinsi tofauti ya shinikizo inavyopungua tangu vali inapofunguka. Vali nzima huipunguza upesi, iliyobana huikawiza. Namba 220 hugawanywa kwa muda wa tofauti hiyo kufika nusu yake, kwa milisekunde, na jibu ni eneo la tundu kwa sentimita za mraba. Msichana wetu ana milisekunde 200. Vali yake ina sentimita 1.1 za mraba, ilhali ya kawaida huwa na 4 hadi 6, na ubanaji huhesabiwa mkali kuanzia 1.5 kushuka. Wastani wa tofauti ya shinikizo ni milimita 12, nayo tarakimu hiyo haina maana bila mapigo 96 kuandikwa pembeni yake, kwa kuwa moyo ukienda mbio muda wa kujaza hupungua na tofauti hupanda. Mkondo unaovuja kwenye vali ya trikaspidi, upande wa kulia, una kasi ya mita 3.6: mara yenyewe, mara 4, ni takribani 52, mshipa wake wa chembe cha moyo una milimita 23 na unasinyaa zaidi ya nusu, basi jumlisha 8, na shinikizo katika mshipa wa mapafu linakadiriwa kuwa 60. Hapo kuna maelezo ya mito mitatu.

Hatua ya sita: kuusoma mjazo na mkamuo

Tarakimu inayonukuliwa kuliko zote ni asilimia ya damu inayosukumwa nje kila pigo. Kama chumba cha chini kushoto kilijaa mililita 120 na kikatoa 70, asilimia ni 58. Kawaida ni 52 hadi 72 kwa wanaume na 54 hadi 74 kwa wanawake. Hakuna moyo unaotoa asilimia 100, na mgonjwa aliyeandikiwa 60 hakupata alama 60 kwenye mtihani; yuko sawa kabisa kwa tarakimu hiyo. Kwa upande mwingine, msichana wetu naye ana 60. Misuli yake ya kushoto haina kosa, mlango ulio mbele yake ndio uliobana. Ndiyo maana anayesoma mstari mmoja wa cheti na kutangaza kwamba moyo ni mzima anaweza kumrudisha nyumbani mtu anayezama.

Asilimia hiyo hukadiriwa kwa kuchora mzingo wa ndani wa chumba moyo ukiwa umejaa na ukiwa umekamuka, katika mikato miwili ya dirisha la ncha. Kupima kwa mstari mmoja tu ni haraka lakini hudanganya pale ukuta mmoja unapozembea. Unene wa kuta haupaswi kuzidi milimita 10 kwa mwanamume na 9 kwa mwanamke. Chumba cha chini kushoto kikijaa, kipenyo chake hakizidi 58 na 52.

Hatua ya saba: kusoma cheti

Anza na hitimisho lililo chini, kisha rudi juu kuangalia kama tarakimu zinaliunga mkono. Tazama kama ubora wa picha umeandikwa. Sentensi inayosema kwamba madirisha yalikuwa hafifu si udhaifu, ni uaminifu. Mvujo mdogo sana wa vali ya trikaspidi au ya mitrali huonekana kwa watu wengi wenye afya, na si ugonjwa. Neno la kubana, kwa upande mwingine, halichukuliwi kirahisi. Kwa vali iliyobana kutokana na homa ya baridi yabisi, ile inayofuata mafindofindo na kuvimbisha viungo kama magoti ya msichana wetu, cheti kizuri kitaeleza pia wepesi wa majani, unene wake, chokaa iliyoganda, na hali ya nyuzi zilizo chini yake. Kila kimoja hupewa alama 1 hadi 4, na jumla isiyozidi 8 huashiria kwamba vali inaweza kutanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, njia iliyoelezwa na Kanji Inoue wa Japani mwaka 1984, badala ya kufungua kifua. Taasisi za moyo kama ile ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili au ya Uganda iliyopo Mulago ndizo zinazopokea wagonjwa wa namna hii kwa uamuzi huo.

Kabla ya puto, msichana atahitaji eko ya pili, ambayo probu nyembamba humezwa hadi kwenye umio, nyuma tu ya chumba cha juu kushoto. Hapo hakuna mfupa wala pafu, na bonge la damu lililojificha katika kona ya chumba hicho, ambalo likichomoka huleta kiharusi, huonekana. Kwa kipimo hicho ni lazima kufunga kula kwa takribani saa 6, na asiyekuwa na msindikizaji asije, kwa sababu dawa ya usingizi mwepesi haimruhusu kurudi peke yake. Zipo pia eko za kumpima mtu moyo ukiwa umechochewa kwa mazoezi au kwa dawa, na za kudunga maji ya chumvi yenye viputo ili kuona kama kuna tundu kati ya vyumba vya juu. Kwa mwenye maumivu ya kifua, ikumbukwe kwamba eko ya kawaida haionyeshi mishipa inayolisha moyo. Jibu zuri la eko halimwondolei daktari wajibu wa kuendelea kuitafuta sababu.

Pale asiyelalamika anapopimwa

Stethoskopu huwaacha wengi. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2007 miongoni mwa watoto wa shule nchini Msumbiji, usikilizaji ulibaini ugonjwa wa vali kwa watoto 2.3 katika kila 1,000, na eko ikabaini 30.4. Swali lililobaki lilikuwa kama kumgundua mapema mtoto asiyeumwa kuna faida yoyote. Jibu lilitoka kaskazini mwa Uganda: baada ya kuwapima watoto 102,200, watafiti waliwagawa 818 ambao eko ilionyesha ugonjwa wa awali katika makundi mawili, moja likachomwa penisilini ya muda mrefu kila wiki 4 kwa miaka 2. Ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano, na kwa asilimia 8.2 ya ambao hawakuchomwa. Msichana wetu angekuwa na miaka 9 au 10 pale ambapo eko ya dakika chache, kwa probu inayoingia mfukoni, ingeweza kuyaona majani ya vali yake yakianza kunenepa.

Lini kurudia

Vali ya mitrali yenye tundu lililozidi sentimita 1.5 za mraba hurudiwa kila miaka 3 hadi 5. Kati ya 1.0 na 1.5, kila mwaka mmoja au miwili. Chini ya hapo, kila mwaka, na wakati wowote dalili zikibadilika au mimba ikiingia. Kila anaporudi, mgonjwa abebe cheti cha zamani chenyewe, si maelezo ya mdomo, na mpimaji aandike tena presha na mapigo ya siku hiyo kabla hajaweka probu, kwa kuwa milimita 12 kwa mapigo 96 na milimita 7 kwa mapigo 65 huenda zikawa vali ileile, ya mtu yuleyule, aliyeanza tu kunywa dawa.